Binti yako anafanya kazi gani huko Dar?

Kwa miaka mitatu mama mmoja mkazi wa Newala, ambaye jina lake linahifadhiwa, alikuwa na jibu moja kwa kila aliyemuuliza binti yake anafanya kazi gani Dar es Salaam. "Yuko ofisini," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo. Jirani mwenye mtoto mwalimu husema mwalimu. Mwenye mtoto nesi husema nesi, na usiku mtu akizidiwa nesi huyo hupigiwa simu. Yeye alibaki na ofisini, kana kwamba ofisi ndiyo kazi yenyewe.

Si kwamba hakuuliza. Siku binti alipopata ajira alimwambia kwa simu, kwa furaha, "Mama, mimi sasa ni mshauri wa mikakati ya siasa na masuala ya umma. Kampuni yetu ina wateja wa nje." Mama akashukuru, akamwombea dua, akakata simu. Kisha akamgeukia kaka yake aliyekuwa amekaa barazani na kumuuliza hicho kitu ni nini. Kaka mtu akafikiri kidogo. "Nadhani ni mambo ya uchaguzi," akasema.

Wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu wana mtoto wa namna hiyo, au wanamsomesha mmoja sasa hivi bila kujua. Mtoto akiwa dereva, mzazi anajua aogope barabara. Akiwa muuguzi, mzazi anaogopa zamu za usiku na magonjwa ya kuambukiza. Kazi kama hii mzazi hajui hata aogope nini, kwa hiyo anaamua kutoogopa chochote. Fedha inafika mwisho wa mwezi, pamoja na ya kutolea. Kwa mama huyu fedha hiyo ilikuwa dawa zake za presha, ada ya mdogo wake binti anayesoma kidato cha tatu Masasi, na palizi ya mikorosho. Maswali yakakaa pembeni.

Yalirudi mwezi Novemba, katikati ya msimu, binti alipokuja likizo.

Alipanda basi alfajiri Dar es Salaam, akapita Lindi na Ndanda, akashuka Masasi kumwona mdogo wake. Masasi iko chini, imezungukwa na milima ya mawe iliyosimama peke yake kama iliyosahauliwa na mtu. Kesho yake akapanda juu Newala, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, ambako ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Mto Ruvuma limelala chini yako na ng'ambo yake Msumbiji. Alimkuta mama yake shambani ananyonyoa korosho kwenye mabibo. Akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba, akavua viatu vya mjini na kukaa chini kusaidia.

Mikono ikiwa na kazi mdomo hufunguka. Mama akasema, "Haya, nieleze hiyo kazi. Nieleze kama unavyomweleza mtoto."

Binti akajaribu. Kuna mtu, alisema, anataka jambo fulani litokee. Anaweza kuwa kampuni inayotaka kodi ipungue, shirika linalotaka sheria ya watoto ibadilike, chama kinachotaka kura, hata serikali ya nchi nyingine inayotaka kuelewana na yetu. Mtu huyo hajui aanzie wapi. Mshauri humchorea ramani: nani anaamua, nani husikilizwa na anayeamua, nani atapinga na kwa nini. Halafu hufanya utafiti wa maoni ya watu, huandika hotuba, hupanga nani aseme nini na siku gani, humwandaa kiongozi kwa maswali ya waandishi wa habari, na mambo yakiharibika hupanga namna ya kuyasemea. Kama mteja yuko London na jambo liko Dodoma, kazi hiyo huitwa ya kimataifa.

Mama alinyonyoa korosho tatu nne kimya. "Kumbe ni kazi ya mjomba," akasema.

Kwa mtu wa kusini jibu hilo lina uzito. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama, na kaka wa mama ndiye aliyesimama mbele kwenye mambo mazito ya watoto wa dada yake. Ndoa, ugomvi, mali na msiba vilipita kwake. Hata leo, nyumba nyingi zilizokwishachanganya mila na dini na maisha ya mjini, posa haijibiwi mjomba hajasikia. Mjomba mzuri ni yule anayejua maneno ya kusema na ya kubakiza, anayejua nani wa upande wa pili ana hasira na nani ana huruma. Binti alicheka, akasema ndiyo, ni kazi ya mjomba, ila mjomba analipwa kwa dola.

Na mfano mkubwa wa mjomba wa namna hiyo ulitoka jirani tu. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, Novemba 12, 1938, na huko Lupaso ndiko alikozikwa Julai 29, 2020. Watu humkumbuka kama Rais wa Awamu ya Tatu, lakini kabla ya hapo sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa ya kubeba maneno. Alihariri magazeti ya chama na ya serikali, akawa mwandishi wa habari wa Rais Julius Nyerere mwaka 1974, akaanzisha Shirika la Habari Tanzania, Shihata, mwaka 1976, kisha akawa balozi na Waziri wa Mambo ya Nje. Mwaka 1995, kwenye uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya mfumo huo kurejeshwa, yeye mwenyewe alihitaji wa kumsemea, na Nyerere alizunguka nchi kumnadi. Aliyenadi alionekana jukwaani kwa sura na sauti yake. Aliyetaka kumzomea alijua amzomee nani.

Miaka miwili baada ya kuondoka Ikulu, Mkapa alikuwa Nairobi. Uchaguzi wa Kenya wa Desemba 27, 2007 ulikuwa umezaa ghasia zilizoua zaidi ya watu 1,000 na kuwafukuza mamia kwa maelfu kutoka makwao. Umoja wa Afrika ulituma jopo la watu watatu: Kofi Annan, Graça Machel na mzee huyo wa Lupaso. Walikaa na upande wa Mwai Kibaki na upande wa Raila Odinga kwa wiki kadhaa, na Februari 28, 2008 mkataba wa kugawana madaraka ukatiwa saini, Rais Jakaya Kikwete, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja huo, akishuhudia. Ulikuwa mkakati wa siasa wa kimataifa, wenye ramani ya nani anaamua na nani anasikilizwa, wenye maneno ya kusema na ya kubakiza. Mjomba alibisha hodi mchana, na kila mwenyeji alijua ametumwa na nani.

Kama hadithi ingeishia hapo, mama angerudi nyumbani siku hiyo na jibu zuri la kuwapa majirani.

Siku ya tatu ya likizo simu ya binti iliita wakiwa wanaanika korosho. Alisogea hadi chini ya mwembe, akaongea muda mrefu, nusu Kiswahili na nusu Kiingereza. Aliporudi alikaa, akafungua simu, akaanza kuandika. Baada ya dakika chache akauliza kama anayepitisha wakati, "Mama, mtu akiogopa kumpeleka mtoto shule, anaogopa kuna watu watamdhuru njiani, angesemaje? Kwa maneno ya kawaida tu."

Mama hakuona ubaya. Akasema angesema moyo haumtulii. Angesema toka mtoto avuke barabara yeye maji hayanyweki. Angesema heri akose kusoma kuliko nimkose mwenyewe.

Binti aliandika haraka. Mama akaona vidole vinakwenda sambamba na mdomo wake.

"Unaandika nini?"

"Maneno yako, mama. Ni mazuri sana."

"Ya nini?"

Hapo ndipo ilipotoka. Mteja mmoja wa nje alikuwa na kazi ya uchaguzi katika nchi jirani. Walihitaji mtu anayejua Kiswahili cha watu, si cha ofisini. Kazi ilikuwa kufungua kurasa 10 za akina mama kwenye mitandao ya kijamii, kila mmoja na jina lake, picha yake, watoto wake na kijiji chake, kisha kuwafanya walalamike polepole kwa wiki kadhaa kwamba wafuasi wa mgombea fulani wanatisha na watoto hawako salama. Malipo yake yalikuwa karibu sawa na mshahara wa miezi minne.

"Huyo mama uliyemwandikia maneno yangu," mama akauliza, "ana jina?"

"Nimempa."

"Anaishi wapi?"

"Haishi popote, mama. Hayupo."

"Na hao wanaomtisha mtoto wake?"

Binti hakujibu.

"Na watakaosoma, hao wapo?"

Jioni mjomba alipofika kwa ajili ya chai, dada yake alimsimulia yote mbele ya binti mwenyewe. Mzee hakupandisha sauti. Alisema mshenga akifika nyumba ya watu hubisha hodi, husalimia, hutaja ukoo uliomtuma, ndipo hueleza shida. Asipotaja ukoo hakaribishwi ndani, hata aseme maneno matamu vipi. Mama akadakia kwamba huyu hata si mshenga. "Huyu ni kangomba," akasema. "Kangomba wa kura."

Msomaji asiye wa mikoa ya korosho anastahili maelezo kidogo. Korosho ya Newala huuzwa kupitia vyama vya msingi na chama kikuu cha TANECU, ya Masasi kupitia MAMCU. Mzigo hukaa ghalani, mnada huitishwa, bei za wanunuzi husomwa hadharani, na wakulima wenyewe hukubali au hukataa. Huko nyuma bei zilitoka kwenye sanduku lililofunguliwa mbele ya watu, na tangu msimu wa 2024 mnada umepita kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania. Una malalamiko yake, hasa fedha zikichelewa, lakini uko mchana. Kangomba ni njia ya usiku. Jina limetokana na chombo cha kupimia. Msimu haujaiva, nyumbani kuna mgonjwa au ada, anakuja mtu na fedha mkononi na bakuli lake. Bakuli moja huhesabiwa kilo moja, ingawa ukiliweka kwenye mizani linazidi. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo na bado ipo, kwa sababu shida ya saa nne usiku haisubiri mnada. Mnunuzi wa kangomba haandikwi popote. Ukigundua umeibiwa, huna wa kumlalamikia.

Ndiyo maana neno la mama lilimchoma binti kuliko hotuba yoyote ya maadili aliyowahi kusikia chuoni. Yeye alijua mambo ambayo mama hakuyajua. Alijua kwamba kwenye uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2017, miaka tisa tu baada ya Mkapa na wenzake kuzima moto, wapanga mikakati wa nje walirudi kwa mlango mwingine. Mitandaoni ilisambaa video isiyo na mwenyewe iliyoonyesha Kenya ya miaka michache mbele chini ya Raila Odinga kama nchi ya njaa, damu na magaidi. Desemba mwaka huo shirika la Privacy International la Uingereza lilitoa ripoti iliyoihusisha kampeni hiyo na kampuni ya Harris Media ya Texas, Marekani. Machi 2018 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilirusha picha za kamera ya siri ambamo kigogo wa kampuni ya Cambridge Analytica alijigamba kuwa walikuwa nyuma ya kampeni za chama tawala Kenya mwaka 2013 na 2017, kuanzia ilani hadi mwonekano wa chama. Jubilee ikasema iliajiri kampuni yenye uhusiano nayo kwa kazi ya nembo na mwonekano tu. Mei mwaka huo Cambridge Analytica ikatangaza kufunga. Upinzani nao ulikuwa na wake: washauri wawili wa kampuni ya Aristotle ya Marekani, waliokuwa wakiusaidia muungano wa NASA, walikamatwa na kufukuzwa nchini siku chache kabla ya kura.

Kuajiri mshauri si kosa, iwe ni serikali au upinzani. Kila chama kina haki ya kutafuta mtu wa kukipangia maneno. Tatizo liko kwa yule mama wa Kisumu au Naivasha aliyetazama video ile kwenye simu akadhani imetengenezwa na jirani mwenye hofu kama yake. Mwaka 2008 mtu wa Masasi alipokuja kuzungumza naye, alijua ni nani na katumwa na nani. Safari hii hakujua hata kwamba anazungumzishwa.

Ujanja huu una umri mkubwa kuliko intaneti, na moja ya kazi zake za mwanzo ilihusu afya za watu. Mwaka 1933, huko California, Clem Whitaker na Leone Baxter walianzisha Campaigns, Inc., inayotajwa kuwa kampuni ya kwanza duniani kuishi kwa kuuza mikakati ya siasa. Baadaye wakaoana. Mwaka 1945 gavana wa jimbo hilo, Earl Warren, alitaka kila mfanyakazi awe na bima ya afya. Chama cha madaktari cha California kikawaajiri Whitaker na Baxter, na mpango ukafa. Miaka minne baadaye chama cha madaktari cha Marekani nzima kikawaajiri kupambana na mpango wa bima wa Rais Harry Truman, nao ukafa. Walitumia neno lenye kuogopesha, kwamba hiyo ni tiba ya kijamaa, wakalirudia mpaka mgonjwa asiye na fedha akaogopa bima kuliko ugonjwa. Hapa kwetu Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Ukisikia watu wakiisifu au kuiponda, si vibaya kuuliza kwanza anayesema analipwa na nani, halafu ndipo upime hoja.

Turudi Newala, kwa sababu kule mambo hayakuwa mepesi.

Ni rahisi sana kumwambia mtoto wa mwenzako aache kazi. Mama hakumwambia mwanaye aache. Anasema alijua vizuri fedha ya dawa inatoka wapi, na asingeweza kula ugali wa mtu huku anamtukana mkono. Alimwambia neno moja tu usiku ule kabla ya kulala: maneno yangu uyafute. Binti alifuta. Alisema baadaye kwamba kufuta yale ya mama yake kulikuwa kwepesi, ila kila alipojaribu kumwandikia mama mwingine wa kubuni, maneno yalikuja kwa sauti ileile, kwa sababu hakuna sauti nyingine ya mama anayoijua.

Aliporudi Dar es Salaam alimweleza mkuu wake kuwa yuko tayari kuandika chochote ambacho mwenye nacho ataweka jina chini yake. Hotuba, ilani, tangazo, hata maneno makali dhidi ya mpinzani, mradi yasainiwe. Mkuu hakugomba. Alisema anamwelewa, akampa kazi ile kijana mwingine, na kuanzia hapo miradi mikubwa ikaanza kumpita. Mkataba ulipoisha Juni haukuongezwa.

Fedha ya mwisho wa mwezi ikapungua, kisha ikachelewa, kisha mwezi mmoja haikuja. Mama hakusema kitu. Alichofanya ndicho wanachofanya wazazi wengi wenye presha na watoto wenye shida: alianza kuzipunguza dawa. Kidonge cha kila siku kikawa cha siku moja ndani ya mbili, halafu cha siku anayosikia kichwa. Ada ya kijana wa Masasi haikuguswa.

Aliyegundua ni nesi wa zahanati, mama mtu mzima ambaye amewazalisha wanawake wa mitaa ile kwa miaka mingi na anajulikana kwa jina na kwa ukali wake. Alimfunga kipimo mkononi, kikasoma 180 kwa 110. Akakirudia baada ya muda, kikasoma karibu hivyohivyo. Akamuuliza dawa anakunywaje. Mama akasema anakunywa. Nesi akamwambia asimdanganye, kwa sababu mkono umeshasema. Kisha akamweleza kile ambacho kila mzazi mwenye ugonjwa huo anapaswa kuelezwa: presha haina siku ya kusikika. Kichwa kinaweza kisiume kabisa huku mishipa, figo na moyo vikiumia, na kiharusi kikaja asubuhi ambayo mtu ameamka mzima. Dawa zikikosekana, njoo useme. Zipo za bei nafuu na kuna namna ya kubadilisha. Kujipunguzia mwenyewe nyumbani ndiyo hatari.

Nesi akachukua simu ya mama akampigia binti palepale. Binti alilia. Alisema angejua angeandika zile kurasa 10. Mama akanyang'anya simu akasema, "Ungeandika, mimi nisingemeza."

Dawa zikabadilishwa. Mjomba aliuza mbuzi mmoja, jambo ambalo hapendi litajwe. Binti sasa anapata kazi za mikataba midogo. Iliyopita aliwasaidia watu wa shirika moja kuandaa maoni yao ya maandishi kwa kamati ya Bunge, yenye jina la shirika na saini ya mkurugenzi kwenye kila ukurasa. Malipo ni madogo na yalichelewa. Bado ni mshauri wa mikakati na masuala ya umma, na mama sasa akiulizwa anajibu: "Anawasemea watu. Lakini wanaojulikana."

Mwaka huu, shule aliyoko mjukuu wake wa miaka 10 ilituma taarifa kwamba wasichana watapewa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo hiyo ilizinduliwa kitaifa Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu Aprili 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hukinga dhidi ya virusi vya HPV, ambavyo ndivyo chanzo kikubwa cha saratani hiyo, na ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Jioni ileile, kundi la WhatsApp la kikoba chao likapokea ujumbe wa sauti. Mwanamke mwenye sauti ya uchungu, Kiswahili safi cha mtaani, alisema mwanawe alichomwa sindano hiyo na sasa amefungwa kizazi, na kwamba moyo haumtulii.

Mama aliusikiliza mara mbili. Akamtumia binti, akauliza, "Huu nao ni wa kwenu?"

Binti akajibu kwamba hajui. Unaweza kuwa wa mama wa kweli aliyeogopeshwa, unaweza kuwa wa mtu aliyelipwa, na kwa kuusikiliza tu hakuna anayeweza kutofautisha, hata yeye aliyefundishwa kuutengeneza. Akamwambia aende kwa mtu anayejua nyumba yake.

Mama akaandika kwenye kundi: "Huyu anayesema ni mama nani, wa wapi?" Majibu yakawa matano. Wanne walisema wametumiwa tu. Wa tano akatuma mikono ya kuomba.

Jumatatu alifika zahanati na kadi ya mtoto, akapanga foleni, akamuuliza nesi yuleyule. Nesi alimweleza chanjo inafanya nini na haifanyi nini, akamwambia mabinti zake mwenyewe wawili wameichoma, akataja majina yao. Halafu akamfunga kipimo cha presha, kwa kuwa alikuwa ameshafika.

Mjukuu alichanjwa Jumatano shuleni. Mkono ulimuuma siku moja.